Nenosiri, nywila, paswadi: Mlango wetu wa Salama uliokuwa wazi

Jumapili moja jioni binamu yangu anayefanya kazi Doha alinipigia simu. Hakuanza na salamu ndefu za kwetu za kuulizia mvua, mbuzi na wazee. "Kaka," akasema, "ule ukurasa wa ukoo nimeufungua, nimesoma kila kitu. Lakini mbona haujaniuliza paswadi?"

Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua: "Simu yako inaikumbuka tu. Uliiandika siku ile ya kwanza."

Akanyamaza kidogo. "Kaka, hii simu nimeinunua jana."

Nieleze kwanza ukurasa wenyewe ulikuwa nini. Nyumbani kwetu ni Salama, mji mdogo wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ule ambao wasafiri wengi huujua kwa sababu basi limesimama wanunue machungwa. Juu ya kabati la sebule yangu kuna kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani yake. Ni seva ndogo ya kuhifadhia data ya nyumbani: picha za harusi, nakala za hati za shamba, sauti za nyanya yetu akisimulia hadithi kwa Kikamba kabla hajatuacha. Kisanduku kama hicho huweza pia kuhudumia kurasa za wavuti, na mimi, kwa kiherehere changu cha mwalimu mstaafu, nikatengeneza kurasa chache za ukoo. Mojawapo ilihusu matibabu ya baba mdogo. Humo mlikuwa na barua ya hospitali inayotaja ugonjwa, nambari yake ya kitambulisho, orodha ya waliochanga, na pia orodha ya walioahidi wasitoe. Nilikuwa nimeufunga ukurasa huo kwa nenosiri. Ndivyo nilivyoamini kwa wiki saba.

Katika wiki hizo saba jambo lilikuwa limetokea. Mama aliulizwa na mwanamke mmoja pale sokoni, mbele za watu, kama figo za shemejiye zimepata nafuu. Mama hakuwa amemwambia mtu. Kikao kikaitwa, na kwa kuwa watu wakikosa mwizi humshika mgeni, macho yakamwelekea mke wa mdogo wangu, aliyeolewa kwetu mwaka juzi na ambaye ana duka dogo karibu na stendi. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Tulisema tu kwamba "kuna watu hawawezi kukaa na siri". Yeye akainama, akaendelea kumenya viazi. Kuanzia siku hiyo akawa haji tena vikaoni bila kuitwa.

Baada ya simu ya Doha nilikaa kitandani nikiwaza mambo mawili: nimekosea wapi katika mtambo, na nimekosea wapi katika neno. Sisi watu wa lugha tuna ugonjwa wetu. Nyumba ikiungua tutauliza kwanza kama ni "kuungua" au "kuteketea". Lakini safari hii nadhani neno lilikuwa na lawama yake.

Kiswahili kina majina matatu au manne ya kitu hiki. Programu za Microsoft zilipovikwa Kiswahili zilituletea "nywila". Google ikachagua "nenosiri". Vitabu vya shule hupenda "neno la siri". Mitaani, kuanzia Salama hadi Emali, ni "paswadi", na anayesema "nywila" kwa fundi wa simu ataulizwa arudie. Mimi nilikuwa mfuasi wa "nenosiri" kwa sababu linajieleza: neno ambalo ni siri. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka mingi. Sasa naona kwamba kule kujieleza kwake ndiko kunakotupotosha, kwa kuwa linatufanya tuamini kuwa neno likishakuwepo, kilicho nyuma yake nacho kimekuwa siri.

Siri ni nini basi? Ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na maana yake haijasogea mbali: jambo lililofichwa. Kikamba nacho kinasema "kimbithi", kutokana na kitenzi "kuvitha", yaani kuficha. Pande zote mbili siri ni kitu kilichositiriwa. Ila habari za baba mdogo hazikuwa zimefichwa hivyo. Watu arubaini wa ukoo walizijua, na walitakiwa kuzijua, maana bila kuzijua wangechangia nini? Zile hazikuwa siri. Zilikuwa za faragha. Na "faragha", ambalo pia lina asili ya Kiarabu, linatokana na dhana ya kuwa tupu au kuwa na nafasi. Mahali pa faragha ni mahali palipoachwa bila watu wengine. Siri huulizwa, "Ni nini kimefichwa?" Faragha huulizwa, "Nani yumo ndani?" Ukurasa wetu ulihitaji swali hili la pili, na nenosiri la ukurasa wa wavuti limeundwa kwa ajili ya swali hilo hilo, wala si zaidi.

Tazama linavyofanya kazi. Simu yako ina kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, jina lililotokana na kitenzi "vinjari", kuzungukazunguka ukichungua. Kivinjari kinafika kwa seva yangu na kusema kwa lugha ya mashine: nipe ukurasa fulani. Kama ukurasa umelindwa, seva haiutoi. Inajibu kwa nambari 401 pamoja na maelezo kwamba inataka jina na paswadi. Kivinjari kikipata nambari hiyo hukufungulia kijisanduku cha kujaza. Ukijaza, kinarudi kwa seva na ombi lile lile, safari hii kikiwa na jina na paswadi mkononi.

Huu ni utaratibu wa hodi. Unabisha, unaulizwa "Nani?", unajitaja, unakaribishwa. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, kwetu mtoto akiulizwa "Nani?" hujibu "Ni mimi!" na mlango ukafunguliwa, kwa kuwa sauti yake inajulikana. Seva haijui sauti ya mtu. Ya pili, seva ni sahaulifu kupita kiasi. Kila ombi kwake ni jipya. Ukurasa ukiwa na picha 30, kivinjari kinabisha hodi kwa ukurasa, kisha kwa kila picha, na kila mara kinatamka upya jina lako na paswadi yako. Wewe umeandika mara moja tu. Chenyewe kimesema mara 31.

Hapo pana kichekesho kidogo cha lugha. Ile 401 imepewa jina la Kiingereza "Unauthorized", yaani asiye na idhini. Lakini seva haijafika kwenye idhini. Inachosema ni "hujajitambulisha". Ipo nambari nyingine, 403, inayoitwa "Forbidden", na hiyo ndiyo hasa ya idhini: hata ukijitaja, huingii. Waliotunga majina hayo walichanganya utambulisho na idhini miaka mingi iliyopita, na kwa kuwa mashine zote duniani zimeshazoea, hakuna anayethubutu kusahihisha. Wakati mwingine Kiswahili chetu hulaumiwa kwamba hakina istilahi za kutosha. Hapa tungeweza kuwauzia: "hujajitambulisha" na "huruhusiwi". Mtu yeyote aliyewahi kusimama langoni kwa askari anajua tofauti.

Haya, sasa mimi nilikosea wapi? Ndani ya kisanduku nilikuwa nimewasha Apache, programu ya kuhudumia kurasa iliyoanza 1995 na inayotumika kote. Apache hukuruhusu kufunga folda moja tu bila kugusa nyingine. Unaweka ndani ya folda hiyo faili linaloanza na nukta, liitwalo .htaccess, na humo unaandika maagizo machache: folda hii ni ya waliojitambulisha, daftari la majina liko mahali fulani, mruhusu yeyote aliyeandikwa humo. Daftari lenyewe ni faili la pili, kwa desturi huitwa .htpasswd. Nilifanya yote hayo. Nilikagua hata vituo na nukta, kama mtu anayesahihisha insha.

Nisichojua ni kwamba juu ya maagizo yangu kulikuwa na agizo la mkubwa. Katika mipangilio mikuu ya Apache kuna mstari uitwao AllowOverride, unaoamua kama seva itasikiliza mafaili ya .htaccess yaliyo kwenye folda au itayapuuza. Tangu toleo la 2.4, lililotoka 2012, usipoandika lolote seva huchukulia kuwa ni kupuuza. Haikwambii. Haipigi kelele wala kuonyesha kosa. Inalipita faili lako kama mbuzi anavyokipita kibao cha "Usipite hapa", na kumkaribisha kila mgeni ndani. Na kuna seva zisizotumia Apache kabisa, mathalani zinazotumia nginx. Hizo hata hazijui kwamba kuna kitu kinaitwa.htaccess. Vyovyote vile, dalili ni moja: hakuna dalili.

Mimi, kwa upande wangu, nilijidanganya kwa Kiswahili kizuri. Ukurasa usiponiuliza chochote, nilijiambia kivinjari "kinanikumbuka". Ndivyo nilivyomwambia na binamu. Kumbe kabla ya kuniamini ningefanya jambo dogo: kufungua ukurasa kwa simu ya mtu mwingine, ambayo haijawahi kuufikia, kwa data yake na si kwa intaneti ya nyumbani. Kufuli hujaribiwa kutoka nje. Binamu alilijaribu kwa bahati tu, kwa kuwa simu yake ya zamani ilianguka ndani ya maji.

Usiku ule nilirekebisha mstari, na kijisanduku cha kujaza jina kikajitokeza. Nikashusha pumzi. Asubuhi yake kijana mmoja wa jirani, anayesomea kompyuta na anayeniita Mwalimu ingawa sikumfundisha, akaja na kuniharibia kifungua kinywa. "Mwalimu, sawa, sasa inauliza. Lakini inauliza kwa sauti."

Alimaanisha nini? Mbinu hii ya kuuliza jina na paswadi huitwa ya msingi, na ni ya msingi kweli. Kivinjari hakitumi paswadi kama ulivyoiandika. Hulichukua jina, nukta mbili na paswadi, kisha hugeuza herufi zake kwa kanuni iitwayo Base64. Hati rasmi ya 2015 inayoeleza mbinu hii inatoa mfano: mtumiaji ni Aladdin, paswadi yake ni "open sesame", na kinachosafiri ni QWxhZGRpbjpvcGVuIHNlc2FtZQ==. Kwa macho ya kawaida huo ni uchawi. Kwa mashine ni sawa na Kinyume.

Wasomaji wa pwani wataelewa haraka. Kinyume ni ule mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno na kuileta mwanzo: "nyumba" likawa "mbanyu", "salama" likawa "masala". Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha 1870, kwa hiyo si mchezo wa jana. Asiyeujua ataduwaa. Anayeujua kanuni yake hahitaji ufunguo wowote. Anarudisha silabi mahali pake, basi. Base64 ni hivyo hivyo. Haikusudiwi kuficha, imekusudiwa kusafirisha herufi bila kuharibika njiani, na yeyote anayezinasa anazirudisha kwa sekunde moja. Kiswahili cha kompyuta kinatumia "kusimba" kwa mageuzi ya aina hii, na "usimbaji fiche" kwa yale yanayohitaji ufunguo. Neno "fiche" hapo lina kazi kubwa. Naona baadhi ya waandishi wakiliacha kwa kufupisha, na hapo msomaji akadhani kila kilichosimbwa kimefichwa.

Mfano wa Aladdin nao una kasoro ambayo mpenzi yeyote wa Alfu Lela Ulela ataiona. Maneno ya kufungulia pango si ya Aladdin. Ni ya kisa cha Ali Baba na wezi arubaini. Waandishi wa hati wamechanganya mashujaa. Lakini bahati mbaya hiyo ina faida, kwa sababu kisa cha Ali Baba ndicho hasa kinachoeleza udhaifu wa mbinu yao. Ali Baba hakuvunja mlango. Alikuwa juu ya mti, akamsikia mkuu wa wezi akilitamka neno kwa sauti, akasubiri wakaondoka, akashuka na kulitamka yeye. Pango halikuuliza sauti ni ya nani. Paswadi inayopita kwenye njia isiyofichwa ina msikilizaji juu ya kila mti: mwenye Wi-Fi ya mkahawa, mwenye kifaa katikati, yeyote. Na tumekwisha ona kwamba kivinjari hulitamka neno mara 31.

Dawa yake si kubadilisha neno. Ni kuifunika njia. Ndiyo kazi ya ile herufi "s" katika "https": mazungumzo yote kati ya simu na seva, pamoja na jina na paswadi, yanatiwa usimbaji fiche kabla hayajaondoka. Seva huhitaji cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Zamani cheti kilinunuliwa. Tangu mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt linavitoa bure, na visanduku vingi vya nyumbani vinaweza kujiombea vyenyewe na kuvihuisha. Kijana wa jirani alilimaliza hilo kabla chai yangu haijapoa. Kisha akaizima kabisa ile njia ya zamani isiyo na "s", maana ukiacha milango miwili na kufunga mmoja, umefanya kazi ya bure.

Kuhusu lile daftari, .htpasswd, nilikuwa nimefanya kosa jingine ambalo sikutarajia. Nililiweka ndani ya folda ile ile inayotolewa kwa umma. Mashine za kwanza kabisa zilipata somo hili kwa njia ya aibu. Katika chuo cha MIT kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mfumo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató uliwapa watumiaji paswadi ili kila mtu awe na mafaili na muda wake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kompyuta, akaiomba mashine imchapishie faili lenye paswadi za wote. Ikamchapishia. Alisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye.

Siku hizi daftari halihifadhi paswadi yenyewe. Linahifadhi unga wake. Fikiria posho mili: unaingiza mahindi, unatoka unga, na hakuna mashine ya kurudisha unga kuwa mahindi. Mtu akija na paswadi, seva inaisaga papo hapo na kulinganisha unga na unga. Wataalamu huongeza kitu kidogo cha nasibu kabla ya kusaga, ili watu wawili wenye paswadi moja wasipate unga wa kufanana, na kitu hicho kweli wanakiita chumvi. Lakini mwizi aliyeiba daftari anaweza kukaa kwake akisaga maneno milioni na milioni hadi apate unga unaofanana. Ndiyo maana daftari huwekwa nje ya folda za umma, na ndiyo maana neno fupi halifai hata likisagwa vizuri.

Hapo nikajifunza pia kwamba methali hazifai. Nilikuwa nimeweka "harakaharaka" kama paswadi ya ukoo mzima, nikijisifu kwa ulimi wangu wa Kiswahili. Methali ni maneno ya kila mtu. Wanaosaga kwa kubahatisha huanza na maneno ya kamusi, majina ya watoto, mistari ya nyimbo na misemo, na Kiswahili si lugha ya pembeni tena kiasi cha kutujengea ukuta. Bora maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo hayajawahi kukaa pamoja katika sentensi ya mtu yeyote.

Na ile "paswadi ya ukoo mzima" ilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Neno moja kwa watu arubaini hutumwa katika vikundi vya WhatsApp, husomwa kwa sauti ndani ya matatu, huandikwa nyuma ya kalenda. Na mtu akiingia kwa jina la pamoja seva haijui ni nani. Swali lile la "Nani?" linajibiwa "Ni sisi!" Sasa kila mtu ana jina lake na neno lake. Ni mistari arubaini katika daftari, na anayeondoka anafutwa mstari mmoja bila kuwasumbua wengine.

Kuna mtu atauliza: kwa nini usipeleke hizo kurasa kwa kampuni kubwa, ukapumzika? Swali ni la haki, hasa kwangu. Nikitoka Salama kuelekea Nairobi sifiki mbali kabla ya Malili, na hapo ndipo Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea jiwe la msingi Januari 2013, na ambao sasa una kituo cha taifa cha data. Serikali inaweka data zake pale. Mimi zangu ziko juu ya kabati, karibu na picha ya harusi. Naendelea kuzipenda hapo. Sauti ya nyanya inakaa nyumba aliyokaa. Lakini aliyeamua kuwa mwenye nyumba ndiye askari pia. Januari 2022 programu ya kihalifu ilivamia visanduku vya nyumbani vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa vikifikika moja kwa moja kutoka intaneti, ikayafungia mafaili ya watu kwa usimbaji fiche na kudai malipo. Waliiita DeadBolt, aina ya komeo. Wengi wa waathiriwa walikuwa na paswadi. Wavamizi walipitia ufa wa programu yenyewe, hawakubisha hodi. Tangu nisome habari hizo, ukurasa wa kusimamia kisanduku changu haufikiki kutoka nje hata kidogo. Kurasa za ukoo pekee ndizo zinazoonekana, na programu husasishwa kila inapotoka mpya.

Niseme jambo moja tu kuhusu robots.txt, kwa kuwa niliwahi kushauriwa niitumie. Ni faili la kuziomba mashine za kutafutia zisiingie sehemu fulani za tovuti. Ni ombi. Na kila mtu anaweza kulisoma, kwa hiyo ukiandika humo folda usizotaka zionekane, umemchorea mgeni ramani.

Nilijiuliza pia kuhusu sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Sheria hiyo haiyabani mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani tu. Sijapata utulivu kwa hilo. Baba mdogo hakutibiwa na sheria. Alitibiwa na ukoo, na ukoo ulimwanika. Basi hata baada ya kufuli kufanya kazi, niliiondoa barua ya hospitali na nambari ya kitambulisho kutoka kwenye ukurasa. Nikaiondoa na orodha ya walioahidi wasitoe. Jumla ya michango ilitosha. Ningeanzia hapo tangu mwanzo, nisingehitaji kujua mengi ya haya.

Lilibaki lililokuwa gumu kuliko AllowOverride. Nilienda dukani kwa shemeji siku ya Jumanne, saa za mchana ambapo hakuna wateja wengi. Nikamweleza yote: wiki saba, ukurasa ulikuwa wazi, kiungo chake kilikuwa kimezunguka kwa vikundi vya simu, na yeyote aliyekibonyeza alisoma.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe. Ni mimi."

"Na hao wengine umewaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi yeye kimya kimya, kama tunavyofanya sisi wanaume wa umri wangu. Jumamosi kikao kikaitwa tena, akaitwa naye akaja, na nikasimama mbele ya watu wale wale, nikaeleza kwa Kikamba na Kiswahili, nikiruka pale penye nukta na .htaccess. Mama ndiye aliyelia. Baba mdogo, ambaye sasa anatembea mwenyewe hadi barabarani, aliuliza tu kama lile deni la hospitali limeisha.

Tuliafikiana kwamba daftari la majina lisikae kwangu. Shemeji ndiye anayelishika, kwa kuwa ana kompyuta ndogo ya duka na haogopi kumnyima mtu. Siku ya kumwonyesha namna ya kujiandikisha nilimpa mfano wa maneno manne yasiyohusiana. Akasema ameelewa. Kisha akanigeuzia mgongo, akaandika kwa muda mrefu.